Sekunde 0.2 za Sardinia na alama ambazo hazikuwepo

Jumapili ya Juni 2, 2024, katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, Ott Tänak wa Estonia alishinda raundi ya sita ya Mbio za Magari za Dunia, WRC, kwa tofauti ya sekunde 0.2 dhidi ya Mfaransa Sébastien Ogier. Walikuwa wamepita mikondo 16, yaani vipande vya barabara vinavyopimwa muda, takribani kilomita 266 za changarawe, mawe na vumbi, kwa muda wa zaidi ya saa tatu za saa ya kupimia. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hutumia sekunde 0.2 kwenda mita tano na nusu hivi. Baada ya siku hiyo, hoja niliyoisikia zaidi miongoni mwa wafuatiliaji wa mchezo huu ilikuwa kwamba mfumo mpya wa alama ulioanza kutumika mwaka huo ulikuwa umejithibitisha: walitaka Jumapili yenye ushindani, na Jumapili yenye ushindani wameipata. Naona walisoma matokeo kinyume. Sardinia ni ushahidi mzito dhidi ya mfumo huo kuliko raundi nyingine yoyote tuliyokuwa tumeiona msimu huo, kwa sababu zile sekunde 0.2 hazikuwa na thamani ya alama hata moja.

Tuanze na hesabu, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kuanzia 2010 hadi 2023, aliyemaliza rali akiwa wa kwanza alipata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, na kuendelea kushuka hadi wa kumi. Mwaka 2011 ukaongezwa mkondo wa mwisho wenye alama za ziada, Power Stage, ambao tangu 2017 humpa aliyeupita kwa kasi zaidi alama tano na wa tano alama moja. Mwaka 2024 kapu hilo la alama 30 liligawanywa upya. Aliyeongoza Jumamosi jioni aliandikiwa 18, wa pili 15, wa tatu 13, wa nne 10, na kushuka. Alibaki nazo kwa sharti moja tu, gari lifike mwisho Jumapili. Jumapili asubuhi hesabu ilianza upya, na wenye kasi zaidi siku hiyo pekee waligawana saba, sita, tano, hadi moja kwa wa saba. Power Stage ilibaki na zake tano. Ukijumlisha 18, 7 na 5 unapata 30 ileile, kwa hiyo mtu akitazama juu juu ataona hakuna kilichopungua. Kilichopotea ni matokeo ya jumla. Nani ametumia muda mfupi zaidi kutoka mkondo wa kwanza hadi wa mwisho? Jibu la swali hilo linatoa kombe, linatoa picha ya jukwaani na jina katika kumbukumbu, na huko Sardinia linampa mshindi haki ya kujirusha baharini na nguo zake kama ilivyo desturi. Kwenye msimamo wa ubingwa halikuingia kabisa.

Mpenzi wa kandanda ataelewa haraka. Chukua mechi ya Simba na Yanga. Anayeongoza wakati wa mapumziko anaandikiwa alama zake. Kipindi cha pili kinaanza sifuri kwa sifuri, na atakayekishinda anaongezewa chache. Kipenga cha mwisho kinapulizwa, matokeo ya dakika 90 yanatangazwa, watu wanashangilia mitaani, magazeti yanachapisha, lakini katika msimamo wa ligi matokeo hayo hayaandikwi popote. Hakuna mtu Kariakoo ambaye angeivumilia ligi ya namna hiyo hata kwa wiki moja. Kwenye rali ilivumiliwa tangu Januari 2024, nadhani kwa sababu mtu aliona nani kapanda jukwaani akaamini kwamba ndiye aliyevuna zaidi.

Sasa iweke hesabu hiyo juu ya yaliyotokea. Jumamosi jioni Ogier na msoma ramani wake, Vincent Landais, walikuwa wakiongoza kwa sekunde 17.1 ndani ya Toyota yao. Tänak na Martin Järveoja, ndani ya Hyundai, walikuwa wa pili. Usiku huo Ogier alilala na alama 18 na Tänak na 15, na tofauti hiyo ya alama tatu isingeguswa tena na kitu chochote isipokuwa mmoja wao ashindwe kumaliza. Jumapili kulikuwa na mikondo minne tu, Cala Flumini na Sassari-Argentiera, kila mmoja mara mbili. Tänak akaanza kuila akiba ya mwenzake kidogo kidogo. Walipopanga foleni kwa mkondo wa mwisho ilikuwa imebaki 6.2. Hapo ndipo Ogier alipopata pancha, na zile sekunde sita zikayeyuka pamoja na hewa ya tairi, hadi akajikuta amepoteza kwa 0.2. Kwa maneno mengine, siku hiyo moja Tänak alikuwa mbele ya Ogier kwa sekunde 17.3. Mfumo uliitazama siku hiyo peke yake, ukampanga yeye juu ya Ogier, basi. Kama zingekuwa sekunde 17.0 badala ya 17.3, Ogier ndiye angebeba kombe, na maadamu nafasi zao katika orodha ya Jumapili hazijabadilika, kila mmoja angeondoka Sardinia na alama zilezile alizoondoka nazo. Zingekuwa kumi, vilevile. Kile kilichotufanya tushike vichwa mbele ya runinga, yule mtu anayekimbizana na jumla ya siku tatu katika kilomita za lala salama, kwa waandishi wa msimamo hakikutokea.

Kwa hiyo swali la haki ni hili: kama si alama, ni nini kilichowaleta watu wawili karibu namna hiyo baada ya saa tatu? Jibu kubwa ni changarawe yenyewe na kanuni ya mpangilio wa kuondoka. Kwenye barabara ya vumbi anayetangulia anafagia. Mawe madogo na mchanga uliolala juu ya barabara unamnyima mshiko, na kila gari linalopita linamwachia wa nyuma yake mstari safi zaidi. Ijumaa magari huondoka kwa mpangilio wa msimamo wa ubingwa, ndiyo maana Thierry Neuville wa Hyundai, aliyefika Sardinia akiwa kinara, alilazimika kuwafagilia wenzake wote. Ogier msimu huo alishiriki raundi chache tu za kuchagua, hivyo hakubeba mzigo huo. Lakini Jumamosi na Jumapili mpangilio hugeuzwa, wanaoongoza huondoka mwisho. Matokeo yake ni kwamba wanaopigania ushindi hupita wakifuatana, dakika chache tu kati yao, kwenye barabara ya hali moja. Kinachobaki kuwatenganisha ni madereva wenyewe, matairi waliyochagua na namna walivyoyatunza. Na changarawe ya Sardinia haisamehe. Magari yanapoipita mara ya pili inakuwa imechimbika mifereji, na mawe yaliyokuwa yamefunikwa yanatoa meno. Anayekata kona kwa ndani ili aokoe nusu sekunde analiweka tairi lake rehani. Watu wanasema pancha ya Ogier ni bahati mbaya, na kwa kiasi fulani ni kweli, ila ni bahati mbaya ya aina ambayo rali ya changarawe imeumbwa kuizalisha. Tänak anaujua upande wake wa pili. Mwaka 2019, kisiwani humohumo, aliingia mkondo wa mwisho akiongoza kwa zaidi ya sekunde 20 ndani ya Toyota, usukani wake ukapoteza nguvu, na Dani Sordo akaondoka na ushindi.

Historia nayo inaibomoa hoja ya kwamba mfumo mpya ndio uliotuletea mwisho huu. Mwaka 2007 kule New Zealand, Marcus Grönholm alimshinda Sébastien Loeb kwa sekunde 0.3. Mwaka 2011 kule Jordan, karibu na Bahari ya Chumvi, tofauti ilikuwa 0.2, sawa kabisa na ya Sardinia, na aliyeshinda siku hiyo alikuwa Ogier huyuhuyu, kijana wa Citroën wakati huo. Aliyeshindwa ni Jari-Matti Latvala, ambaye mwaka 2024 ndiye aliyekuwa mkuu wa timu ya Toyota aliyoiendeshea Ogier. (Sijui walitazamana vipi Jumapili ile pale kwenye maegesho ya timu, lakini baada ya miaka 13 zamu ya kupoteza kwa 0.2 ilikuwa imemfikia Ogier.) Mwaka 2018 Neuville alimshinda Ogier kwa 0.7, Sardinia, mkondo wa mwisho uleule wa kuelekea Argentiera. Fainali zote hizo ni za changarawe, na zote zilichezwa chini ya mifumo iliyolipa matokeo ya jumla. Mfumo mpya haukuanzisha kitu ambacho hakikuwepo. Kama kuna jambo jipya la kulitazama kwa makini ni ufupi wa rali. Mwaka 2024 Sardinia ilibanwa ndani ya saa 48, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili mchana, na umbali mfupi unaacha nafasi ndogo ya watu kuachana. Jordan nayo ilipoteza siku yake ya kwanza baada ya meli iliyobeba vifaa kuchelewa. Mtu akitaka kudai kwamba rali fupi huleta mwisho wa karibu ana pa kuanzia, ingawa ile ya 2018 ilipita kilomita 300 na bado ikaisha ndani ya sekunde moja.

Tuwatendee haki waliobuni mfumo huu, kwa sababu tatizo walilolilenga lipo kweli. Kwa miaka mingi Jumapili ya WRC ilikuwa siku ya kulea matairi. Ukiwa wa tatu, wa pili yuko mbele kwa dakika moja na wa nne yuko nyuma kwa dakika nyingine, huna sababu ya kuliumiza gari asubuhi nzima. Unatembea taratibu, unahifadhi raba, halafu unamimina yote kwenye Power Stage. Anayelipia tiketi au kifurushi cha runinga ili atazame siku ya mwisho alikuwa anauziwa gwaride. Kuweka alama kwa ajili ya kasi ya Jumapili kumewaamsha watu wa katikati ya orodha, na hilo siwezi kulikana. Pia kumewapa kazi walioanguka. Neuville alitoka nje ya barabara Jumamosi akapoteza kila alichokuwa amekijenga. Jumapili alirudi na gari lililotengenezwa usiku, akaendesha kama mtu mwenye deni, akaondoka na alama. Wapo wanaosema huko ni kuwazawadia wanaokosea. Mimi naliona kuwa ndilo jambo bora zaidi katika mfumo mzima, kwa sababu kinara wa dunia anayezunguka siku nzima bila sababu hamfaidishi mtu.

Lakini wale waliotakiwa kuamshwa kuliko wote, wanaoongoza, mfumo uliwapa godoro. Fikiria upo kileleni Jumamosi jioni. Una 18 mfukoni kwa sharti la kufika mwisho. Mbele yako kuna saba za Jumapili na tano za Power Stage. Ukizifukuza ukaangusha gari, unapoteza 18. Ukitulia ukaruhusu wa pili akupite kwenye jumla, unapoteza alama ngapi? Hakuna. Zamani kuachia uongozi Jumapili kulikugharimu alama saba, yaani tofauti ya 25 na 18, na kwa hiyo ulilazimika kupigana. Mwaka 2024 kuuachia kulikuwa bure. Tuliliona hilo msimu huo. Februari nchini Sweden, Esapekka Lappi aliingia Jumapili akiwa na akiba kubwa, akaendesha kwa uangalifu hadi mwisho, akashinda rali. Alipata alama 19, yaani 18 za Jumamosi na moja tu ya siku ya mwisho. Elfyn Evans aliyemaliza wa pili alipata 24. Simlaumu Lappi hata kidogo, alifanya alichotakiwa kufanya mtu mwenye akili. Aprili kule Croatia, Neuville na Evans waligombania kilele hadi Jumamosi jioni, Ogier akiwa wa tatu nyuma yao. Jumapili wote wawili wakakosea, Ogier akapita katikati akashinda. Katika fungu kubwa zaidi la alama, mshindi alihesabiwa 13, na Neuville aliyeporomoka hadi nafasi ya tatu akabaki na 18 zake. Raundi sita tu, na tayari mara tatu anayepanda ngazi ya juu kabisa ya jukwaa amekuwa na hadithi tofauti na ile iliyoandikwa kwenye msimamo.

Kuna pingamizi moja ambalo naliheshimu kuliko mengine. Mtu atasema: kama Tänak alipigana namna ile kwa ajili ya kitu kisicho na alama, basi alama si kitu, ushindi wenyewe unatosha kuwasukuma, na mfumo haujadhuru chochote. Ni kweli kwamba madereva hawa wana njaa ya ushindi ambayo haipimwi kwa jedwali. Ila angalia ni akina nani waliotuonyesha vita hiyo. Mmoja wakati huo alikuwa bingwa wa dunia mara nane ambaye mwaka 2024 hakuwa kwenye ratiba kamili, alikuja kuwinda ushindi na kurudi nyumbani. Mwingine ni bingwa wa 2019 aliyekuwa nyuma ya mwenzake wa timu kwenye msimamo na mwenye kila sababu ya kushambulia. Wote wawili walikuwa na uhuru wa kupuuza kikokotoo. Badilisha majina, weka Oktoba au Novemba, weka watu wawili wanaotenganishwa na alama nne kwenye ubingwa, halafu umwambie meneja wa timu kwamba dereva wake anayeongoza kwa sekunde sita ajihatarishe kulinda nafasi isiyo na malipo. Atamwambia kwenye redio atulie. Na atakuwa sahihi. Hapo ndipo mfumo ule ungekuwa umeua kile ambacho Sardinia iliponea kwa sababu ya watu, si kwa sababu ya kanuni.

Wengine wanauliza, na si swali la kipuuzi, kama ni haki sekunde 0.2 katika kilomita 266 izae pengo la alama saba. Pancha ingechelewa kona moja, majina yangebadilishana. Nakubali kwamba saba ni nyingi kwa tofauti ndogo hivyo. Lakini dawa yake ni kupunguza pengo kati ya wa kwanza na wa pili, lifanywe tano au nne, kuliko kulifuta. Mchezo wowote unaopima muda una mahali unapochora mstari, na mstari wa rali ulikuwa unaeleweka hata kwa mtoto: nani kamaliza njia yote kwa muda mfupi zaidi.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili linatugusa kwa namna ambayo Waitaliano hawaijui. Mwaka 1973, mwaka wa kwanza kabisa wa WRC, Safari Rally iliisha kwa sare. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na Harry Källström wa Sweden, wote wakiendesha Datsun, walifika mwisho wakiwa na adhabu sawa baada ya siku za tope na mavumbi. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi njiani kabla ya kupata adhabu. Ukiitazama kanuni hiyo ya zamani unaona falsafa yake: hata pale saa iliposhindwa kuwatenganisha, waamuzi walirudi kwenye njia nzima, tangu mwanzo, kutafuta jibu. Mehta akaja kushinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kisha njoo karibu, Juni 2023, Naivasha. Ogier alimshinda Kalle Rovanperä, mwenzake wa timu na bingwa wa dunia wakati huo, kwa sekunde 6.7 kwenye barabara ambazo wazee wetu walizoea kuona watu wakiachana kwa saa nzima. Sekunde zile 6.7 zilikuwa na alama saba ndani yake. Umati uliokuwa kwenye mkondo wa mwisho wa Hell's Gate Jumapili ile ulikuwa unatazama kitu kinachohesabiwa. Machi 2024, wikendi ya Pasaka, Rovanperä alishinda Safari kwa zaidi ya dakika moja na nusu, kwa hiyo kasoro ya mfumo haikuonekana. Haikupata nafasi ya kuonekana. Ingekuwa fainali kama ya 2023, Wakenya wangesimama juani kushuhudia pambano ambalo msimamo wa ubingwa ulishalifunga tangu Jumamosi.

Na Kenya ina haki ya kulisemea hili. Serikali inagharamia raundi hii, mkataba wa wakati huo ulikuwa hadi 2026, na hoja inayotolewa kila mwaka kuhalalisha gharama hizo ni macho ya dunia kuitazama Naivasha siku ya mwisho. Macho hayo yanakuja kuona nani ameshinda. Waandaaji wetu wanapoketi na FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na promota wa mashindano, mara nyingi ajenda huwa usalama, mvua na hali ya barabara, mambo ya lazima kabisa. Mwaka 2024 wangeongeza moja: matokeo ya jumla yarudishiwe alama. Si lazima tuirudie 2023 neno kwa neno. Fungu kubwa, tuseme 25 kwa mshindi, liwekwe kwenye muda wa jumla wa siku zote. Jumapili ibakiziwe alama chache zake, tano hadi moja, ili wa katikati ya orodha na walioanguka wasilale. Power Stage ibaki ilivyo. Kwa mpangilio huo anayeongoza Jumamosi jioni atakuwa bado hajalipwa kitu, anayemfukuza atakuwa na cha kukifukuza, na aliyepinduka Ijumaa atakuwa na sababu ya kurudi.

Nilichohofia ni kwamba mafanikio ya Sardinia yangetumika kuzuia mabadiliko hayo. Kikao cha kutathmini msimu kingefika, mtu angeonyesha video ya Tänak na Järveoja wakisubiri muda wa Ogier pale mwisho wa mkondo, ukumbi ungesisimka, na jedwali la alama lisingewekwa kwenye skrini. Kabla ya hapo kulikuwa na kipimo kingine. Rali ya Poland ilirudi kwenye kalenda kuanzia Juni 27 hadi 30, 2024, mara ya kwanza tangu 2017, changarawe ya kasi kubwa kuzunguka maziwa ya Mikołajki, aina ya barabara ambako sekunde huwa chache kuliko Sardinia. Neuville, Evans na Tänak wote walikuwa kwenye hesabu za ubingwa. Kama mmoja wao angeongoza Jumamosi jioni kwa sekunde tano au sita, jibu lisingekuwa jukwaani. Ungefuatilia muda wake wa mkondo wa kwanza Jumapili asubuhi, uulinganishe na wa yule anayemfukuza, kisha ujiulize ni nani kati yao aliyelipwa kwa kupigana.